Mchezaji Aliyekuwa Mwalimu: Habari za Joe Lapchick na Daftari Lake



Katika miji yetu ya Mbeya na Iringa mpira wa kikapu si mchezo wa wengi. Mtoto wetu akipewa mpira wowote ule atauendea kwa mguu kabla hajauendea kwa mkono, na siku timu kubwa za Dar es Salaam zijapo katika kiwanja cha Sokoine au cha Samora, mtaa mzima huhama. Walakini viwanja vya kikapu vipo katika shule na vyuo vyetu, na vijana warefu hawakosekani. Tangu mwaka 2009, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alipochaguliwa wa pili miongoni mwa wachezaji wapya wote wa ligi ya NBA ya Marekani, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo, kijana akirefuka kidogo tu wenzake humwambia kwamba riziki yake iko Marekani yamngoja.

Mmoja wa vijana hao ni mwana wa ndugu yangu. Alisoma kwangu madrasa hapa Mbeya tangu utoto wake, kisha akaenda chuo Iringa, na huko akawa mchezaji wa kikapu. Mwaka jana, katikati ya muhula, nikamwona mlangoni pangu na mkoba wake. Akanipa shikamoo, akaketi, akanyamaza. Nilipomhoji sana ikadhihirika kwamba ada aliyopewa ya muhula mzima ameimaliza kwa kubashiri matokeo ya mipira katika simu, leo elfu mbili, kesho elfu kumi, akitumai mkeka mmoja utarudisha zote.

Nikamkumbusha Sura ya al-Maida, aya ya 90, ambamo kamari imetajwa pamoja na ulevi. Kabla sijamaliza kuitaja, yeye mwenyewe aliisoma yote, kwa tajwidi nzuri, tena ile niliyomfundisha mimi alipokuwa na miaka minane. Kisha akasema, kwa adabu lakini kwa uchungu, “Baba mdogo, mimi sikumwibia mtu. Fedha nilipewa mimi, na nilibashiri mchezo ninaoujua. Nimemdhulumu nani?”

Wasomaji wangu, maneno yale yalinikaa kifuani siku nyingi. Aya alikuwa nayo ulimini, na mkono wake haukuzuilika. Na aliyeitia ulimini mwake ni mimi. Nikaona yanipasa kumtafutia jibu la pili, lisilotoka katika kitabu changu bali katika uwanja wake yeye. Binti yangu, ambaye Kiingereza chake chapita changu mbali, akanitafutia na kunisomea habari za wacheza kikapu wa zamani wa Marekani, usiku baada ya usiku, hata tukamfikia bwana mmoja aitwaye Joe Lapchick. Habari zake ndizo ninazowaletea leo.

Mchezo wenyewe ulibuniwa na mwalimu James Naismith mwezi Desemba 1891, katika mji wa Springfield, Marekani, kwa vikapu vya kutilia matunda vilivyopigiliwa ukutani. Haikupita hata miaka kumi watu wakaanza kulipwa kuucheza. Lapchick alizaliwa Yonkers, karibu na New York, tarehe 12 Aprili 1900. Wazazi wake walikuwa wahamiaji waliotoka nchi ya Wacheki, watu wa kazi, wenye watoto wengi na kipato kidogo. Alipomaliza darasa la nane aliacha shule akaenda kufanya kazi. Mimi niliishia la saba, kwa hiyo twaweza kusema alinipita kwa mwaka mmoja tu. Mungu alimjaalia urefu wa futi 6 na inchi 5, na katika zama zile mtu wa kimo hicho alikuwa kioja njiani.

Msomaji asidhani kwamba mchezo wa kulipwa wa siku zile ulifanana na huu tuuonao katika televisheni. Walicheza katika kumbi za dansi na maghala ya jeshi. Mahali pengi uwanja ulizungushiwa wavu wa waya au wa kamba, ili mpira usitoke na watazamaji wasiingie, na wachezaji wakisukumwa juu ya waya ule walitoka na michubuko; ndiyo sababu magazeti ya huko yakawaita watu wa tunduni. Aidha, kila kikapu kilipofungwa mpira ulirudishwa katikati, mwamuzi akaurusha juu kati ya watu wawili, wakaugombea. Sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 1937. Basi timu yenye mtu mrefu katikati iliweza kuupata mpira tena na tena, na Lapchick akawa mali ya kugombewa. Hapakuwa na mkataba wa maana. Mchezaji aliichezea timu moja Jumanne na nyingine Alhamisi, akamwendea aliyempa zaidi. Lapchick naye alifanya hivyo, na baadaye hakuficha.

Mwaka 1923 akaingia katika timu ya Original Celtics ya New York, iliyokuwa bora kupita zote za wakati wake. Timu hii ndiyo iliyoanza kuwafunga wachezaji wake kwa mkataba wa msimu mzima, na kwa sababu ya kukaa pamoja wakabuni mambo ambayo makocha wanayafundisha hata leo: namna ya kubadilishana maadui wakati wa kulinda, na namna ya mtu mmoja kusimama karibu na kikapu akiwapa migongo wapinzani na kuwagawia wenzake mpira. Walisafiri kwa magari moshi na motokaa, usiku huu mji huu, kesho mji mwingine. Fikiri watu wacheze leo Iringa, kesho Mafinga, kesho kutwa Makambako, kisha Mbeya, na kila wafikapo vijana wa mji wamewakamia. Tena si kwa juma moja, bali majira yote ya baridi. Mwenye timu yao, Bwana Jim Furey, baadaye alifungwa gerezani kwa kuiba fedha za duka kubwa alilokuwa mtunza fedha wake. Nalitaja hili kwa kupita tu, ili ieleweke kwamba Lapchick aliijua fedha chafu tangu ujana wake, na aliiona jinsi ivaavyo nguo nzuri.

Celtics walitwaa ubingwa wa ligi yao mwaka 1927 na 1928, hata timu ikavunjwa, na Lapchick akaenda Cleveland akatwaa tena mwaka 1929 na 1930. Kisha wakairudisha Celtics wakawa wakizunguka nchi kama zamani. Katika mizunguko hiyo walikutana mara nyingi na New York Renaissance, timu ya watu weusi wa Harlem. Hoteli nyingi na mikahawa mingi haikuwapokea vijana wale, wakawa wakila na kulala ndani ya basi lao, na kesho wakashinda. Mchezaji wao wa kati aliitwa Charles Cooper. Walipokutana uwanjani kuanza mchezo, Lapchick hakumpa mkono tu. Alimkumbatia mbele ya watu wote, katika miji ambamo mzungu kumshika mtu mweusi hivyo kulitosha kuleta fujo.

Mwaka 1936 Chuo cha St. John's cha New York, ambacho ni chuo cha Wakatoliki, kikamwita awe kocha. Yatazameni mambo ya dunia: mtu aliyeishia darasa la nane akawekwa mbele ya vijana wa chuo. Vijana walijua algebra na historia; yeye alijua jinsi mtu anavyochoka, anavyodanganya na anavyojidanganya. Timu yake ikatwaa mashindano makubwa ya mwaliko, yaitwayo NIT, mwaka 1943, na tena mwaka 1944 walipowashinda DePaul waliokuwa na George Mikan, jitu la futi 6 na inchi 10. Kabla ya hapo hapakuwa na timu iliyoyatwaa mara mbili mfululizo.

Kutoka 1947 hadi 1956 alikuwa kocha wa Knicks, timu ya kulipwa ya New York. Mwaka 1950 timu hiyo ikamchukua Nathaniel Clifton, mmoja wa weusi wa kwanza kabisa kuruhusiwa katika ligi ya NBA. Mwana wa Lapchick, Richard, ambaye alikuwa mtoto mdogo, amesimulia kwamba alitazama dirishani akaona sanamu ya baba yake imetundikwa juu ya mti, na simu ya nyumbani ikawa ikilia watu wakimtukana baba yake kwa ajili ya kupenda weusi.

Sasa tufike katika jambo lenyewe.

Katika miaka ile ya 1940 michezo ya vyuo ilijaza ukumbi wa Madison Square Garden wa New York, watu maelfu kwa maelfu, na nyuma yao wakaja wacheza kamari. Hao walibuni hila. Ubashiri wa kawaida husema fulani atashinda au atashindwa, nao hawakuukubali huo. Walisema: chuo hiki kina nguvu, kitashinda kwa pointi kumi, nani asema kitashinda kwa zaidi, nani asema kwa pungufu? Basi mwenye fedha nyingi humwendea mchezaji kwa siri akamwambia: “Sikuambii mshindwe, kijana wangu. Shindeni. Ila msishinde kwa kumi, shindeni kwa sita. Nani atakayeumia?” Kijana atakosa kikapu kimoja kwa makusudi, atachelewa kulinda mara mbili, na mchezo utakwisha chuo chake kikishangiliwa, huku bahasha ikimngoja.

Ndugu wasomaji, lile swali la mcheza kamari lilinishtua. Lilikuwa ni lile lile la mwana wa ndugu yangu.

Mwezi Januari 1951 kijana mmoja mweusi wa Chuo cha Manhattan, Junius Kellogg, aliahidiwa dola 1,000 afanye hivyo. Aliyemwendea alikuwa mchezaji wa zamani wa chuo hicho hicho, mtu aliyemwamini. Kellogg alikuwa akifanya kibarua kwa ujira mdogo kabisa, na fedha ile hakupata kuishika mkononi mwake. Akakataa, akaenda kumwambia kocha wake, na kocha akawaita polisi. Uzi ule mmoja ulipovutwa nguo nzima ikafumuka: wachezaji zaidi ya 30, kutoka vyuo saba, na michezo mingi iliyouzwa tangu mwaka 1947.

Pigo kubwa kupita yote liliangukia chuo cha mji, yaani City College. Chuo hiki kilikuwa cha watoto wa maskini, kisicholipisha ada, na mwaka 1950 vijana wake walitwaa NIT na mashindano ya vyuo vyote vya taifa kwa msimu mmoja, jambo ambalo halikupata kufanywa na chuo kingine. Kocha wao alikuwa Nat Holman, ambaye alicheza bega kwa bega na Lapchick katika Celtics. Mwezi Februari 1951 vijana wa Holman walirudi kwa gari moshi kutoka Philadelphia, na polisi wakawa wanawangoja. Holman mwenyewe alisimamishwa kazi, akaja kusafishwa na kurudishwa mwaka 1954, lakini chuo chake hakikurudi tena katika daraja lile.

Nao msiba haukumpita Lapchick. Mchezaji bora wa vyuo mwaka ule, Sherman White wa Chuo cha Long Island, alitazamiwa kuingia Knicks. Badala yake alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja, na mlango wa NBA ukafungwa mbele yake daima. Knicks walifika fainali mwaka 1951, 1952 na 1953, na mara zote tatu wakashindwa. Lapchick alikuwa mtu wa wasiwasi mwingi, asiyelala baada ya kushindwa, na mwaka 1956 akaiacha timu kwa ajili ya afya yake, akarudi St. John's.

Hapo ndipo alipofanya lile lililonifanya nimwandike. Tangu kashfa ilipozuka alikuwa akikata habari zake katika magazeti na kuzibandika katika daftari kubwa: picha za vijana wakipelekwa mahakamani wamefunika nyuso, majina, vyuo, kiasi walichopokea, hukumu walizopewa. Kila msimu ulipoanza aliwapa wachezaji wake daftari lile. Alimtaka kila mmoja alisome, kisha atie saini yake kwamba amelisoma.

Mimi nimefundisha zaidi ya miaka thelathini, na nakiri kwamba kazi yangu nyingi imekuwa ya kusema. Nasema, wao wanaitikia. Naona wameitikia, nami naridhika. Mzee huyu wa darasa la nane aliwaza vingine. Hakuwaambia vijana wake kwamba kamari ni mbaya, kwa maana wote walijua. Aliwaonyesha nyuso za vijana kama wao, wa mji wao, wenye mama kama mama zao, waliokwisha kuuliza nani ataumia. Na saini ile ilimfanya kijana asiweze kusema kesho kwamba hakujua. Sidai kwamba daftari liliponya nchi. Mwaka 1961 kashfa ya pili ilizuka, kubwa kuliko ile ya kwanza kwa idadi ya vyuo. Lakini mwalimu hakuacha kulitoa daftari lake.

Mwaka 1959 St. John's ikatwaa NIT mara ya tatu chini yake. Kisha akatimia miaka 65, na chuo kilikuwa na sheria kwamba mtu wa umri huo lazima astaafu. Msimu wa mwisho vijana wake wakawashinda Michigan, waliokuwa wa kwanza nchini, kwa pointi moja, 75 kwa 74. Na mwezi Machi 1965, katika mchezo wa mwisho wa maisha yake ya ukocha, wakawashinda Villanova 55 kwa 51, wakamkabidhi NIT ya nne. Alifariki tarehe 10 Agosti 1970.

Habari hizi zote nilimsimulia mwana wa ndugu yangu usiku mmoja baada ya Isha, na binti yangu akinisahihisha majina. Nilipofika penye ile bahasha nikamwambia: “Fedha ya bahasha ile ilitoka wapi? Haikutoka mfukoni mwa tajiri. Ilitoka kwa watu maelfu, mmoja dola mbili, mwingine dola tano, kila mmoja akisema hakumwibia mtu. Zikakusanyika, zikawa na nguvu ya kumnunua kijana wa miaka ishirini asiye na kitu. Na wewe mwenyewe u mchezaji. Siku moja atakayenunuliwa kwa elfu mbili mbili za wenzako waweza kuwa wewe.” Sheria ya nchi yetu yamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, na huyu wangu amekwisha kuipita miaka hiyo, kwa hiyo hapana askari wa kumzuia.

Hakunijibu hilo. Aliuliza jambo jingine ambalo sikulitazamia: “Baba mdogo, wale ambao sura zao zilibandikwa katika daftari, walibaki humo humo?”

Binti yangu akatafuta, na tukampata Floyd Layne. Alikuwa mmoja wa vijana wa City College wa mwaka 1950, kijana mweusi wa New York. Alipokea karibu dola 3,000, akazificha nyingi katika chungu cha maua chumbani kwake, kwa kuwa hakujua la kuzifanyia, na mwaka 1951 akawaongoza wapelelezi hadi penye chungu kile. Mlango wa NBA ukafungwa kwake pia. Alicheza katika ligi ndogo za kulipwa, kisha akawa akifundisha watoto katika mitaa ya New York, miaka mingi. Mmoja wa watoto aliowalea katika mitaa ya Bronx ni Nate Archibald, ambaye msimu wa 1972 na 1973 aliongoza ligi nzima ya NBA kwa kufunga na kwa kugawa mpira, yote mawili pamoja. Na mwaka 1974 City College, chuo kile kile alichokiaibisha, kikamwita Layne awe kocha wake. Akakaa hapo miaka 14. Alifariki mwaka 2024.

Kijana alimtaka binti yangu amsomee tena habari za chungu cha maua, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

Ada ya muhula ule tuliikopa kwa ndugu wawili, nayo bado tunailipa. Asubuhi nilimsindikiza stendi akapanda basi la Iringa. Simu yake kubwa imebaki kwangu, ndani ya saduku, kwa hiari yake, hadi deni likwishe. Nami nimempa ile yangu ndogo ya vitufe, isiyojua lolote ila kupiga na kupokea.